Kura ya Pili Ndiyo Iliyoamua

Waheshimiwa walimu, shikamooni. Wanafunzi wa sheria na wapenzi wa filamu, asanteni kwa kuvumilia foleni ya Ubungo hadi mkafika.

Wengi wenu mmeiona 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Wanaume 12 wa juri, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, wamefungiwa chumbani New York, joto kali, waamue kama kijana mmoja alimuua baba yake. Wakisema ana hatia, adhabu ni kifo. Wanaanza 11 kwa 1, wanamaliza wote wakisema hana hatia. Huwa nasikia sifa zote akipewa Henry Fonda, yule mjumbe namba nane, kwa ufasaha wake. Mimi naamini ufasaha ulifanya kazi baadaye. Kilichomfungulia njia ni namna kura ilivyopigwa.

Itazameni tena kura ya kwanza. Mwenyekiti wa juri anataka wanyooshe mikono. Baadhi inapanda papo hapo. Mingine inapanda taratibu, baada ya macho kuzunguka meza. Hapo watu hawajaamua, wamefuata mkumbo. Tunalijua hilo vizuri: mwenyekiti wa kikao akiuliza "Wanaoafiki?", ukumbi mzima unaitika "Ndiyooo!", halafu manung'uniko yanaanzia nje, wakati watu wanatafuta viatu na bodaboda.

Mwanasaikolojia Solomon Asch aliyapima haya huko Marekani miaka ya 1950. Aliwaonyesha watu mistari, waseme ipi ina urefu sawa. Kila mara aliyepimwa alikuwa mmoja tu; wengine wote chumbani walikuwa wamepangwa kujibu kosa kwa makusudi. Takriban theluthi moja ya majibu ya waliopimwa yalifuata kosa hilo. Lakini alipomweka mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulishuka mno.

Sasa rudini mezani. Upande wa mashtaka ulidai kisu cha mauaji ni cha aina ya pekee. Namba nane anatoa mfukoni kingine kama hicho, alichonunua mtaani kwa kijana, anakikita mezani. (Nyinyi wa sheria mnajua: mjumbe wa juri kujifanyia upelelezi wake ni kosa, na uamuzi ungeweza kutenguliwa.) Wote wanashtuka, lakini hakuna anayebadili msimamo. Ndipo anapotoa pendekezo la hatari: nyinyi 11 pigeni kura ya siri, mimi sipigi, mkisema wote ana hatia, nami nakubali. Vikaratasi vinakunjwa, vinasomwa kimoja kimoja. Kimoja kinasema hana hatia.

Ni cha mzee, namba tisa. Wala hadai kwamba kijana ni msafi. Anataka kusikia zaidi. Kuanzia hapo namba nane hayuko peke yake, na ule ushahidi wa mahakamani, wa shahidi mzee mchechemeaji, wa treni iliyokuwa ikipita na wa shahidi mwanamke mwenye alama za miwani puani, unapata watu wa kuupima.

Katika maisha halisi haiwi hivyo mara nyingi. Watafiti Harry Kalven na Hans Zeisel, kwenye utafiti wao wa mwaka 1966 kuhusu juri za Marekani, waliona kwamba upande wenye wengi kwenye kura ya kwanza hushinda karibu kesi 9 kati ya 10. Ndiyo maana kura hiyo ya kwanza inaniuma sana.

Sisi Tanzania hatuna juri, tuna wazee wa baraza, raia wanaokaa na mwamuzi wa kesi na kumpa maoni yao. Sheria ya mabaraza ya ardhi ya mwaka 2002 ilimtaka mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya akae na wazee wasiopungua wawili, nao watoe maoni kabla yeye hajahukumu. Hakufungwa nayo, ila akiyakataa alitakiwa aeleze sababu. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta uamuzi kwa kuwa maoni hayo hayakuonekana kusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande za kesi. Mawakili wengine wanauita huo ufundi wa kisheria tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mzee aliyekwisha kuandika maoni yake hana haja ya kumtazama mwenyekiti usoni kwanza ndipo ajue la kusema.