Kitufe cha kufutia BIOS: tengeneza chako mwenyewe

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Kompyuta hii imegoma kuwaka baada ya kuongezewa kasi ya RAM kwenye BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha kompyuta. Feni zinazunguka, skrini imebaki nyeusi. Dawa yake ni kufuta CMOS, kumbukumbu ndogo inayotunza mipangilio ya BIOS, ili mazabodi (ubao mkuu) irudi kwenye mipangilio ya kiwandani, ila sasa nasogeza kamera muone kazi yenyewe ilivyo. Betri ya saa imefunikwa na kadi ya picha. Pini za kufutia zimejificha huku chini kabisa, kando ya nyaya za USB. Wengi huingia humo na bisibisi, tochi mdomoni, wakizigusanisha pini kwa kubahatisha. Bisibisi ikiteleza ikagusa pini ya jirani, unaweza kujikuta unatafuta mazabodi nyingine. Leo tunazivuta pini hizo hadi nje ya kasha kwa kitufe cha kutengeneza wenyewe.

Niseme mapema: kama unafuta BIOS mara moja kwa mwaka, usijisumbue. Kitufe hiki ni cha wanaochezea kasi ya RAM na prosesa, na cha mafundi wanaopima mazabodi za mtumba kutwa nzima.

Kwanza zitambue pini zako. Gigabyte huandika CLR_CMOS, ASUS wanaandika CLRTC, MSI wanaandika JBAT1. Kwenye Dell OptiPlex utakuta RTCRST, na jampa (kile kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ya PSWD ni ya nenosiri, usizichanganye. Fungua kitabu cha mazabodi yako uhakikishe, usikisie kwa macho. Baadhi ya kompyuta za HP tayari zina kitufe kidogo cha kufutia juu ya ubao wenyewe.

Pini zikiwa mbili, moja ina ishara inayoiambia mazabodi kwamba mipangilio iko salama, ya pili ni ethi. Ukiziunganisha, ishara hiyo inazama kwenye ethi, na mazabodi ikiwaka inaanza upya na mipangilio ya kiwandani. Mambo haya ni ya zamani: kompyuta ya IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikuwa na chipu ya saa ya Motorola yenye baiti 64 tu, 14 za saa na 50 zilizobaki za mipangilio, zote zikiishi kwa betri.

Sasa kitufe. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Tunataka kitufe cha kubonyeza na kuachia, kama cha kengele ya mlangoni: ukitoa kidole, kinakata. Usichukue swichi inayobaki imewashwa. Ukiisahau upande wa kuunganisha, mipangilio itapotea kila mara, au mashine isiwake kabisa, na utalaumu RAM bure.

Kitufe kizuri kuliko vyote ni kile cha riseti kwenye kasha bovu. Mafundi wengi wanayo makasha hayo yamerundikwa pembeni. Kinakuja na waya wake na kichwa cha matundu mawili yaliyoachana milimita 2.54, kinaingia kwenye pini moja kwa moja. Hakina chanya wala hasi, geuza upendavyo. Ukikipata, huhitaji kulehemu chochote.

Kama huna, nunua kitufe kidogo dukani, chukua nyaya mbili nyembamba zenye kichwa cha matundu mawili, kisha lehemu kila waya kwenye mguu wake. Vile vimpira vinavyonywea kwa moto vivishe kwenye waya kabla ya kulehemu, baadaye havipiti. Weka mita ya fundi (multimita) kwenye mlio wa kupima waya. Bila kubonyeza, kimya. Nabonyeza… mnasikia? Naachia, kimya. Kikilia bila kubonyezwa, hicho ni cha aina nyingine, kiweke kando.

Pa kukifunga, napendelea kile kibati cha nyuma kinachoziba nafasi ya kadi isiyotumika. Mbele ya kasha hapana, watoto watakibonyeza. Toa kibati, kipelekeni nje ndipo mpige keekee, maana unga wa chuma ukidondokea kwenye mazabodi unaunganisha visivyotakiwa. Pima shingo ya kitufe kabla ya kuchagua ukubwa wa tundu, halafu lainisha kingo kwa tupa zisije zikachuna waya.

Kabla ya kuchomeka, zima swichi ya pawasaplai, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Taa ndogo hii ya kwenye ubao ndiyo inaniambia, subirini… imezimika. Gusa chuma cha kasha, chomeka kichwa kwenye pini, funga waya mbali na feni.

Wenye pini tatu, ngojeni. Jampa yenu inakaa 1 na 2, na kufuta ni 2 na 3. Mkiweka kitufe cha kawaida kwenye 2 na 3 huku jampa ikiwa bado mahali pake, mnaweza kuipigisha betri shoti. Nyinyi mnahitaji swichi ya miguu mitatu ya kubonyeza na kuachia. Mguu wa pamoja uende pini 2, unaoungana bila kubonyezwa uende pini 1, unaoungana ukibonyezwa uende pini 3. Jampa inatolewa. Pimeni miguu yote kwa mita, kwa sababu baadhi ya swichi za mausi zina miguu mitatu lakini mmoja haufanyi kazi.

Kukitumia: umeme uwe umechomolewa, kila mara. Bonyeza, hesabu hadi kumi, achia, rudisha waya, washa. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya kulinda diski, uwe na ufunguo wa kurejesha karibu, huenda ikauomba. Nenosiri la BIOS la laptopu nyingi haliondoki kwa njia hii, kwa hiyo msiniletee laptopu ya mtu.

Haya, imewaka. Inasema mipangilio imepotea, nibonyeze F1. Narekebisha tarehe, naangalia diski ya kuwakia, na kama mpangilio wa diski ulikuwa RAID naurudisha RAID, la sivyo Windows haitawaka. Kasi ya RAM naiacha ya kawaida kwanza. F10, hifadhi. Kwenye mazabodi za RAM ya aina ya DDR5 skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza, inaipima RAM upya. Iacheni imalize, na mikono iwe mbali na kitufe.