Wasafiri wa kaskazi: kereng'ende wa jenasi ya Pantala

Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nianze na upepo, maana hapa Mikindani hakuna asiyeujua. Kaskazi ikishashika na mvua za kwanza zikamwagika, hutokea kereng'ende wa manjano wanaoelea makundi kwa makundi juu ya uwanja wa mpira. Hawatui ovyo. Wanawinda mbu na kumbikumbi hukohuko hewani, na watoto wakiwafukuza wanaambulia jasho tu.

Wataalamu wanamwita Pantala flavescens. Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark, alimpa jina la spishi mwaka 1798, na jenasi ya Pantala, yaani kundi la spishi za karibu alimo, ikawekwa na mtaalamu mwingine wa wadudu, Hagen, mwaka 1861. Jenasi yenyewe ina spishi mbili tu. Wa pili ni Pantala hymenaea wa bara la Amerika, mwenye baka la kahawia kwenye shina la bawa la nyuma. Huyo huku hafiki, tumwache.

Huyu wetu ana urefu wa sentimita nne na nusu hivi, lakini bawa lake la nyuma ni pana sana shinani, ndiyo maana anachukuliwa na upepo bila kupigapiga mabawa. Ameonekana Himalaya kwenye kimo kinachozidi mita 6,000. Katika kisiwa cha Rapa Nui, katikati ya Pasifiki, ndiye kereng'ende pekee anayeishi.

Sasa njooni Bahari ya Hindi. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alishangaa kuona kila Oktoba kereng'ende wanashuka kwa mamilioni kwenye visiwa vya matumbawe ambavyo karibu havina maji baridi juu ya ardhi. Watataga wapi? Akakusanya tarehe: wanaonekana kwanza kusini mwa India, kisha Maldivi, kisha Shelisheli, kisha pwani ya Afrika. Mwaka 2009 akatoa hoja yake: wanavuka bahari. Upepo wa chini ukiwa bado unawakabili, wao hupanda juu ya mita 1,000, uliko upepo wa kuwaleta huku. Mwaka 2012 watafiti wakapima haidrojeni iliyomo mabawani, kwa kuwa maji ya mvua alimokulia mdudu huacha alama yake humo. Wale wa Maldivi walikuwa wamekulia kaskazini mwa India au mbali zaidi.

Wanachofuata ni mvua. Dimbwi la juzi halina samaki wa kula watoto wao, na watoto hao hukua upesi, wiki sita hivi, kabla jua halijalikausha. Kisha kizazi kipya huondoka na kusi. Anderson alikadiria mzunguko wote kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, ukipokezanwa na vizazi vinne. Wafanyabiashara wa Kilwa walingoja upepo ugeuke ndipo warudi makwao. Kereng'ende hangoji, anafia huku na wanawe ndio wanaorudi.

Mkitaka kuwaona watoto hao, msihangaike kupanda Newala. Mchanga wa uwanda wa Makonde, ilipo Newala, hunywa maji yote. Tafuteni mabondeni, kwenye mitaro na mashimo ya kuchimbia udongo. Hata boneti ya gari watataga, maana rangi ikimetameta wanadhani ni maji. Mayai hayo hupotea bure.

Na wewe unayemwaga oili chafu dimbwini kuua mbu, chungulia kwanza. Sisemi dimbwi likae mlangoni, lifukie. Lakini oili inamuua pia anayekula viluwiluwi vya mbu. Chota kwa chujio la chai: ukiona kidudu cha miguu sita, macho makubwa, kinachojisukuma kwa kutoa maji nyuma, huyo ni mtoto wa kereng'ende.

Haya, maswali. Mzee wa pale nyuma kanyoosha mkono tangu nilipoitaja Newala.