Kwa nini nimepeleka malalamiko serikalini kwa ajili ya hita ya maji

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina mandhari ya kuwaonyesha. Najibu swali moja tu, maana linarudi chini ya kila video tangu niliposema kwamba nimepeleka malalamiko kwa serikali kuu kuhusu hita ya maji ya hili gari ninaloishi. "Dada, si ungeita fundi tu? Kitu cha kuchemshia maji ya kuoga unakipeleka serikalini?" Wengine wameuliza kwa upole, wengine kwa matusi. Yuko aliyeandika kwamba natafuta njia ya kutangaza kuwa nina gari-nyumba Marekani. Na yuko mwingine, huyu ni mtu wa familia na jina lake nalijua, ameandika kwamba nchi imenipokea na bado nailalamikia.

La kujionyesha tulimalize kwanza. Gari hili ni la mkopo, na mkopo wenyewe ni wa miaka mingi. Mimi ni muuguzi wa mikataba, na mikataba ya aina hii mara nyingi ni ya wiki 13, kisha unahamia hospitali nyingine, pengine jimbo jingine. Kupanga nyumba ya muda mfupi kila mara, ikiwa na samani, kulikuwa kunamaliza mshahara. Nilipiga hesabu nikaona afadhali ninunue trela la kuishi, nivute nyumba yangu. Hiyo ni hesabu yangu mimi, kwa kazi yangu mimi, sina watoto ninaowapeleka shule. Usije ukaiga halafu ukasema nilikudanganya.

Sasa hita. Ukisimama nje ya gari, ubavuni, utaona kimlango kidogo cha bati chenye matundu. Nyuma yake kuna tangi la maji la galoni 6, kama lita 23 hivi, na chini yake kichomeo cha gesi. Gesi ni propani, inatoka kwenye mitungi iliyofungwa mbele, inapita kwenye regulata inayopunguza mgandamizo, ndipo inafika kwenye hita. Ndani nina swichi. Nikiibonyeza, kuna kadi ya umeme inayofungua vali ya gesi na kupiga cheche, na moto unatakiwa uwake papo hapo, wa bluu, umetulia.

Wangu hauwaki papo hapo. Nasikia tik, tik, tik, kimya, halafu bu! Kimlango kinatikisika mpaka kinagonga. Maana yake gesi imetoka, imejikusanya pale ndani bila kushika moto, halafu yote imewaka kwa mkupuo. Ukichungulia baadaye, mwali ni wa njano na unatoka nje ya mahali pake, unalamba bati. Juu ya matundu, kwenye rangi nyeupe ya gari, kuna doa jeusi la masizi lenye upana wa kiganja. Nilishalifuta likarudi. Picha zake ninazo zote, na kila moja ina tarehe.

Mtu akiniambia hilo ni jambo la kuita fundi tu, naomba anisikilize hapa. Propani ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikaondoka, inashuka na kutambaa chini sakafuni, kwenye chumba ambacho kitanda, jiko na mlango viko hatua chache tu. Mwali wa njano wenye masizi unaonyesha gesi haiungui vizuri, na gesi isipoungua vizuri inatoa kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Ile harufu kali tunayoijua ya gesi imewekwa kiwandani kwa makusudi ili uvujaji ugundulike. Kaboni monoksaidi haina harufu yoyote. Unalala nayo. Ndiyo maana gari langu lina kengele ya gesi, imefungwa chini karibu na sakafu, na kengele ya kaboni monoksaidi. Na hizo kengele zina mwisho wa kutumika, zigeuze usome tarehe nyuma. Ninyi mnaotumia gesi jikoni, mwali ukianza kuwa wa njano na sufuria zinapata masizi, msiuzoee.

Halafu kuna joto la maji yenyewe, na hapa naongea kama muuguzi. Hita nyingi za tangi za magari haya zinakuja na themostati iliyopangwa kiwandani, maji yanafika kwenye nyuzi 60 za Selsiasi hivi, na hakuna kitufe cha kupunguza. Tume ya usalama wa bidhaa ya hapa, CPSC, inashauri maji ya bomba yasizidi nyuzi 49. Wao wenyewe wanaeleza kwamba kwenye nyuzi 60 mtu mzima anaungua vibaya ndani ya sekunde 6, na kwenye nyuzi 54 ndani ya sekunde 30. Mtoto ana ngozi nyembamba zaidi. Nimeshabadilisha bandeji za watoto waliomwagikiwa maji ya bomba. Siwezi kulitazama hili kama malalamiko ya mtu aliyezoea starehe.

Sasa tuje kwenye makaratasi, maana hapa ndipo nilipochoka. Gari nililinunua jipya, lina waranti. Muuzaji akasema hita si yake wala si ya kiwanda cha gari, nizungumze na mtengenezaji wa hita. Kweli, ukisoma waranti ya gari, maandishi madogo yanasema vifaa kama hita, friji na jiko vina waranti zao kutoka kwa waliovitengeneza. Mtengenezaji wa hita akasema sawa, lakini lazima kikaguliwe na kituo kinachotambulika. Kituo kinachotambulika kilichokuwa karibu ni nani? Muuzaji yuleyule. Na muuzaji anataka dola 189 kwa saa kukagua, ulipe kwanza, halafu waranti ikikubali utarudishiwa. Nililipa. Jibu likatoka: wadudu. Kusafisha wadudu ni matunzo, na matunzo hayamo kwenye waranti.

Jambo la wadudu ni la kweli, silikatai. Inasemekana buibui huvutwa na ile harufu iliyowekwa kwenye gesi, na kuna nyigu wanaojenga kwa udongo. Wanaingia kwenye bomba la kichomeo, wanajenga, hewa inashindwa kuchanganyika na gesi inavyotakiwa, na matokeo yake ndiyo hayo, mwali wa njano, masizi, kuwaka kwa kishindo. Kila mwenye gari kama hili ajue kukagua bomba lile, gesi ikiwa imefungwa na hita imepoa. Lakini bomba langu lilikuwa safi. Nilimwomba fundi mwingine, mwenye leseni, alifungue mbele yangu, nikapiga picha, unaona mwanga upande wa pili. Nikazituma kwa mtengenezaji wa hita. Wakajibu kwa barua ileile ya wadudu, neno kwa neno, wamebadilisha tarehe tu.

Na hapa naomba niseme kitu kinachoniuma. Nilipowapigia simu, mhudumu wao alisikia lafudhi yangu akaniambia angependa kuongea na mwenye gari. Nikamwambia mwenye gari ni mimi. Akaniuliza tena, taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto, kama mume wangu yupo karibu. Mimi nashika dawa za watu walio mahututi, nasaini kwa jina langu, nalipa mkopo kwa jina langu. Halafu nafungua simu nakuta ndugu yangu wa damu ameandika kwamba najidai. Sijui mnataka nikae upande gani.

Basi, kwa nini serikalini, na kwa nini pale nilipopeleka. Watu wengi wakiwa na kifaa kibaya wanakimbilia CPSC, niliyoitaja, maana inasikika kama ndiyo mahali pake. Hita hiyo ingekuwa ya nyumba ya kawaida, ndiyo, ni mahali pake. Lakini sheria iliyounda tume ile, ya mwaka 1972, imeyaweka magari na vifaa vyake nje ya mamlaka yake. Hita iliyofungwa kiwandani ndani ya gari-nyumba ni kifaa cha gari, hata kama gari lenyewe ni trela lisilo na injini. Magari yako chini ya mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, kwa sheria ya mwaka 1966. Malalamiko unajaza kwenye tovuti yao au unapiga simu, bure. Unahitaji namba ya chesi, ile yenye herufi na tarakimu 17.

Fomu imetengenezwa kwa ajili ya magari ya barabarani. Inauliza gari lilikuwa kwenye mwendo gani tukio lilipotokea. Langu lilikuwa limeegeshwa, nimechomeka umeme, nimevaa kandambili. Niliandika sifuri. Inauliza kama kulikuwa na ajali, moto, majeruhi, vifo. Kwenye sehemu ya maelezo ndipo ueleze vizuri: aina na modeli ya hita, namba yake iliyobandikwa nyuma ya kile kimlango, umeona nini, umesikia nini, nani alikagua, alisema nini. Acha hasira, andika ulichokiona. Ukimaliza unapewa namba ya malalamiko.

Nawaambia ukweli ili asije mtu akategemea kisichokuwepo: hawatakupigania wewe binafsi. Hawampigii muuzaji simu, hawakurudishii hela yako. Wanachofanya ni kukusanya. Malalamiko yanawekwa hadharani bila jina lako, na wachunguzi wao wanatazama kama kasoro ileile inajirudia kwa watu wasiojuana. Fundi niliyemwita akirekebisha kimyakimya, gari langu linapona na hakuna anayejua. Mwenye hita kama yangu aliye jimbo jingine, mwenye watoto wawili wanaolala upande ule wa kimlango, anabaki kuambiwa wadudu.

Na ikithibitika kuna kasoro ya usalama, hapo sheria ina meno. Mtengenezaji akishaamua kwamba kasoro ipo, ana siku 5 za kazi kuijulisha mamlaka, na barua kwa wenye magari zinatakiwa zitoke ndani ya siku 60. Matengenezo ni bure. Sheria ya 2015 iliongeza muda wa haki hiyo kutoka miaka 10 hadi 15 tangu gari liuzwe mara ya kwanza. Na kama ulishatengeneza kwa hela yako muda si mrefu kabla ya barua kutoka, kuna utaratibu wa kurudishiwa. Kwa hiyo risiti zangu zote nimeziweka kwenye bahasha moja, ya ukaguzi, ya fundi, mpaka ya kengele mpya. Karatasi za mashine zinafifia, zipige picha siku hiyohiyo.

Aliyeuliza kuhusu kushtaki mahakamani: mimi si mwanasheria. Sheria za kumlinda mnunuzi wa gari bovu zinatofautiana jimbo kwa jimbo, na nyingi hazigusi ile sehemu ya gari unayoishi, zinagusa injini na mwendo. Mikataba mingine pia imeandikwa kwamba ugomvi utaamuliwa na msuluhishi, si mahakama. Soma wako. Nilichofanya mimi kimetokana na hali yangu, na mwenye hela zaidi au muda zaidi anaweza kuchagua njia nyingine.

Na wanaoniuliza naoga vipi: hita yangu ina pia koili ya umeme, kwa hiyo upande wa gesi nimeuzima na vali nimeifunga. Naoga kwa umeme wa uwanja ninapoegesha, na hapa umeme unasomwa kwa mita, ninaulipia mimi. Hiyo nayo ni gharama ambayo hakuna waranti itakayonirudishia.

Wiki hii mtengenezaji wa hita ameandika tena, anaomba picha zilezile. Nimemtumia zote, safari hii na namba ya malalamiko ya NHTSA juu kabisa ya barua, na nakala kwa muuzaji na kiwanda cha gari. Akijibu nitawasomea jibu lake. Kama nawe uko huku na una hita yenye dalili hizi, niandikie modeli na ulichokiona. Namba yako ya chesi usiiandike hadharani, ijaze kwenye fomu yao tu.