Mpox: Vipele Vinavyofichwa

BAKARI: Asalaam aleikum wasikilizaji, tuko Ngamiani, Tanga. Da Mwanaidi, shikamoo.

MWANAIDI: Marahaba, mdogo wangu. Umeniita kama muuguzi leo au kama mtangazaji mwenzio?

BAKARI: Vyote viwili. Kijiweni wanasema homa ya nyani haituhusu, kima wako huko Amani milimani.

MWANAIDI: Nyani kasingiziwa! Kirusi kilionekana mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani waliofugwa maabara huko Denmark, basi jina likamganda. Porini wanaoshukiwa zaidi ni jamii ya panya na kindi. Binadamu wa kwanza kugundulika alikuwa mtoto wa miezi 9, Kongo, mwaka 1970. Siku hizi unaitwa mpox, na mara nyingi mtu anaupata kwa mtu mwenzake. Machi 2025 Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa wawili wa kwanza nchini, mmoja wao dereva wa lori.

BAKARI: Loo! Na foleni ya malori pale mpakani Horohoro...

MWANAIDI: Hapo ndipo tunapoharibu. Ukiwanyooshea kidole madereva, watajificha. Tena tangu mtu aambukizwe hadi dalili zitokee ni siku 3 mpaka 21. Kipimajoto cha mpakani kitamwona aliyekwisha kupata homa, mwingine atapita zake anacheka.

BAKARI: Tanga waja leo, homa yafuata wiki ya tatu.

MWANAIDI: Ndiyo hivyo. Inaanza homa, kichwa, mgongo, misuli, uchovu, na mitoki inavimba shingoni, kwapani au kwenye nyonga. Kisha vipele: vinaanza kama madoa, vinainuka, vinajaa maji, halafu usaha, mwisho vigaga vinadondoka. Wengine wanaanza na vipele, homa hata hawakuiona.

BAKARI: Mama yangu angesema tetekuwanga hiyo.

MWANAIDI: Na wengi wanasema hivyo. Tetekuwanga kwa kawaida haivimbishi mitoki namna hiyo, na ni nadra kuviona vipele vyake viganjani na nyayoni. Mpox inapenda huko. Lakini kwa macho tu hata mimi siapi, lazima kipimo: wanachukua majimaji ya kipele wanapeleka maabara.

BAKARI: Na vile vya... sehemu za siri?

MWANAIDI: Umeshusha sauti, umeona? Ndivyo mgonjwa anavyoishusha, halafu anaenda duka la dawa kununua krimu kimyakimya. Mpox inapita ngozi kwa ngozi, na kujamiiana ni njia kubwa. Kipele kimoja tu sehemu za siri kinatosha kukupeleka hospitali. Muuguzi ameona mengi, hatashangaa.

BAKARI: Haya, tuseme yuko nyumbani. Nyumba zetu hizi, chumba kimoja watu wanne.

MWANAIDI: Ukipata kona, mpe kona na mkeka wake. Khanga, taulo, shuka, kikombe, viwe vyake peke yake. Na sisi khanga tunaazimana kama chumvi! Vipele vifunikwe, avae barakoa anapohudumiwa. Shuka usizikung'ute, zikunje taratibu, uzifue kwa sabuni, ukivaa glovu. Mikono kwa maji tiririka kila ukimgusa. Mjamzito na watoto wadogo wasimhudumie.

BAKARI: Dawa?

MWANAIDI: Wengi wanapona wenyewe kwa wiki 2 hadi 4. Unatibu maumivu na homa, panado inatosha, maji mengi, chakula. Vidonda vya mdomoni asukutue maji ya chumvi. Asitumbue vipele, wala asipakwe majivu wala mafuta ya breki, nimeyaona hayo. Dawa moja iliyotegemewa, tecovirimat, ilijaribiwa Kongo na haikuharakisha kupona kwa vipele. Ila katika utafiti huo, waliolazwa na kuhudumiwa vizuri walikufa wachache, dawa au bila dawa. Kwa hiyo usipuuze uuguzi. Jicho likiuma, pumzi ikibana, au mgonjwa anaishi na VVU bila dawa, usisubiri kesho, hospitali ya Bombo hapo.

BAKARI: Chanjo?

MWANAIDI: Ipo, dozi mbili, wiki 4 kati yake. Kongo walianza kuwachanja walio hatarini Oktoba 2024. Na wazee wetu waliochanjwa ndui zamani wana kinga kiasi. Ila wewe kijana usijitambe na kovu la begani, hilo la kwako ni la chanjo ya kifua kikuu.

BAKARI: Kumbe! Nami nilikuwa najisifu. Swali la msikilizaji: mgonjwa anarudi lini kazini?

MWANAIDI: Vigaga vyote vidondoke, ngozi mpya iote chini. Ukiwa na wasiwasi piga 199, bure. Na baada ya kupona, kondomu kwa wiki 12.

BAKARI: Wiki 12! Da Mwanaidi, hilo umeliweka mwisho makusudi.

MWANAIDI: Nimeliweka mwisho wanaume wasizime redio mapema.