Kukanda jicho ni dakika kumi

Ndugu zangu wa Temeke, chokea, kile kijipu cha kwenye kope, mnaijua, sitaieleza zaidi. Nataka tuzungumzie kitambaa, maana kila mara mgonjwa ananiambia, "Dokta, nilikanda, haikusaidia." Ulikanda vipi? "Niliweka kitambaa cha moto, nikatoa." Mara ngapi? "Jana usiku." Huko si kukanda, mama. Umeligusa jicho ukaendelea na shughuli zako!

Ukingoni mwa kope kuna vitezi vya mafuta. Kimoja kikiziba, bakteria ambao siku zote wanaishi kwenye ngozi zetu wanapata pa kuzaliana, usaha unajikusanya. Mafuta yale yameganda, kama ya nazi asubuhi ya Julai: chupa ukiipasha kidogo tu, hayatoki. Kwa hiyo chukua kitambaa safi, cha kwako peke yako. Maji yawe na joto ambalo mkono unalivumilia bila kushtuka. Kamua kitambaa, fumba jicho, weka. Baada ya dakika mbili tatu kimepoa. Chovya tena, rudisha, mpaka dakika kumi zitimie. Mara tatu au nne kwa siku. Chokea nyingi hupona ndani ya wiki moja au mbili kwa hilo tu.

"Dokta, nani ana dakika kumi?" Unazo. Daladala ya Mbagala unaisubiri zaidi ya hapo.

"Na usaha ukionekana, nitumbue?" Hapana! Unausambaza ndani ya kope.

Halafu wale wanaosema mwenye chokea amechungulia watu wakioga, jamani, acheni. Mtoto anaona aibu, anaficha jicho, analetwa uso umeshavimba. Alifikicha macho kwa mikono michafu, basi.

Januari 2024 macho mekundu yalipoenea jijini, kila mtu alikuwa na tiba yake. Chai ya rangi, maziwa ya mama, mkojo: hakuna hata kimoja kinachoingia jichoni. Wala matone ya kujinunulia dukani. Yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, yanaweza kupandisha presha ya jicho mpaka ukapoteza uoni.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Wanaoamka kope zina magamba, zisafisheni kila siku. Wanja msiazimane, mwenye chokea asipake kabisa. Uvimbe usiouma uliokaa wiki kadhaa, uonwe kliniki ya macho. Ila kope yote ikivimba na homa ikapanda, au jicho likachomoza, likauma ukiligeuza, au uoni ukapungua, weka kitambaa chini uende hospitali usiku huohuo.