Nani apewe ree? Askari wa vita na kadi yake mezani

Nawashukuru kwa kuja, hasa nyie mliotoka kazini moja kwa moja. Nimeombwa nizungumzie kazi inayonila muda kuliko kuchora ramani na kupanga kanuni za dadu: kuamua ni askari gani wa Vita Kuu ya Pili apewe kadi ya ree kwenye gemu ya mikakati.

Nasema ree, ile karata ya A, kwa sababu jambo lenyewe lilianzia kwenye karata. Mwaka 1915 magazeti ya Ufaransa yalimwita rubani Adolphe Pégoud "as", yaani ree, kwa ndege za Wajerumani alizokuwa akiziangusha. Baadaye hesabu ikakaa kwenye tano. Ukifikisha 5 wewe ni ree, ukiishia 4 wewe ni rubani kama wengine. Sasa mwangalieni Roland Garros, huyo ambaye uwanja wa tenisi wa Paris umepewa jina lake. Aprili 1915 aliangusha ndege kwa kufyatua risasi kupitia rafadha, lile panga linalozunguka mbele ya ndege yake mwenyewe, jambo lililokuwa bado halijafanywa na mtu, na tangu hapo vita vya angani vikawa vingine kabisa. Alikufa Oktoba 1918 akiwa na ndege 4. Hesabu inamkataa. Mimi siwezi kumkataa.

Na hesabu zenyewe, jamani, zinataka uangalifu. Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kwamba wameangusha ndege 185 za Wajerumani. Baada ya vita kumbukumbu zilipolinganishwa, ikaonekana ni kama 60. Sidhani marubani wale walikuwa waongo. Watatu wanaipiga ndege moja, kila mmoja anaiona inashuka na moshi, kila mmoja anarudi na kuripoti moja. Ndivyo moja inavyokuwa tatu.

Hata hesabu ikiwa safi, inasema nini? Rubani Erich Hartmann wa Ujerumani ana ndege 352. Ivan Kozhedub wa Urusi ya Kisovieti ana 62. Richard Bong wa Marekani ana 40. Mchezaji mgeni ataniambia, basi mpe Hartmann nguvu mara tisa ya Bong. Hapana. Hartmann aliruka safari zaidi ya 1,400, kwa sababu rubani wa Kijerumani alirushwa mpaka afe, aumie au vita viishe. Bong alipofikisha 40 walimrudisha nyumbani. Nikiigeuza tofauti ile kuwa nguvu ya kadi, nitakuwa nimechukua utaratibu wa jeshi nikauita kipaji cha mtu.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Namwondoa mtu yule pale alipokuwa, siku ile, halafu naiangalia ramani. Ikibaki vilevile, hana kadi, hata awe na mamia.

Simo Häyhä, mdunguaji wa Kifini, anapita bila mjadala. Majira ya baridi ya 1939 na 1940 alilala kwenye theluji na bunduki isiyo na darubini, kwa sababu darubini humlazimu mtu ainue kichwa. Anatajwa kuwa aliua zaidi ya watu 500. Lakini kadi yake haiui kikosi chochote mezani. Inafanya kitu kimoja: kikosi cha adui kikiingia msitu alimo, kinatembea nusu ya mwendo. Maana ndiyo kazi halisi ya mdunguaji, kuwafanya watu mia waogope kuinua vichwa. Na ukimtoa msituni ukamleta mjini, kadi imekwisha. Wacheza karata mnalijua hili: ree ya kopa hukatwa na turufu ya mbili.

Vifaru ndivyo vilivyoninyima usingizi. Michael Wittmann, kamanda wa vifaru wa Kijerumani, wanamjua wote, na kila ninapoonyesha gemu hii lazima niulizwe habari zake. Juni 13, 1944, pale Villers-Bocage, alivunja vifaru na magari ya Waingereza kwa chini ya dakika 15. Ni kweli. Lakini alikuwa ofisa wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Wanazi, na jina lake lilikuzwa na propaganda ya Wanazi, iliyombebesha hata kazi ya wenzake ya siku hiyo. Upande mwingine yuko Dmitry Lavrinenko, kamanda wa vifaru wa Kisovieti, anayehesabiwa vifaru 52 kwa miezi michache tu ya 1941, Wajerumani wakiikaribia Moscow. Aliuawa Desemba mwaka ule. Nchi yake ilimpa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1990. Kwangu Lavrinenko ana kadi kamili. Wittmann ana kadi ya dakika zile tu, na jioni inarudi kwenye boksi.

Sasa nifike kwenye kadi iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Tarehe 19 Mei 1941, Colito, kusini mwa Uhabeshi. Askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, batalioni ya sita, ile ya Tanganyika, wamevuka mto Billate kwa mapigano makali. Vifaru vya Waitalia vinawatokea ghafla. Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, anakirukia kimoja kinachotokea nyuma yao, anaufungua mfuniko wa juu kwa nguvu, anawapiga bastola waliomo na kumwacha dereva, kisha anamlazimisha akipeleke mafichoni. Anajaribu kuutumia mzinga wake, unakataa. Anashuka. Anavuka uwanja unaomiminiwa risasi kwenda kuvizia vifaru vingine kwa miguu, anakipanda kingine, na hapo anauawa. Shambulio la vifaru likavunjika. Novemba 1945 akatunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza.

Kwa hesabu ya ree, hana kitu. Kwa kipimo changu ni wa kwanza kabisa.

Lakini yasomeni maelezo ya nishani yake polepole. Alipokwenda kuvizia vile vifaru hakuwa peke yake. Alikuwa na sajini-meja Mwafrika na wengine wawili. Walivuka uwanja uleule, risasi zilezile. Maelezo yanataja cheo cha mmoja na idadi ya wengine, basi. Mimi nimekulia mtaa ambao wazee waliopita keya walikuwa wakisalimiwa kwa vyeo vyao mpaka uzeeni, na sikuweza kuchora kadi ile kama ilivyoandikwa.

Kwa hiyo kadi ya Colito ina watu wanne. Imeandikwa Leakey, chini yake Sajini-meja, chini yake mistari miwili ya Askari wa Keya. Wote wanne wakiwapo, kadi inasimamisha shambulio la vifaru kwa zamu nzima. Akibaki Leakey peke yake, inasimamisha kifaru kimoja, mara moja.

Kadi bado haijaenda kwa mchapaji. Kama yupo hapa ambaye babu yake alikuwa batalioni ya sita mwaka ule, namwomba tukae pamoja baada ya maswali. Kalamu ninayo, na ile mistari mitatu iko wazi.