Isogeze Kwanza Hiyo Ruta

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani, ipi ya kununua. Wengi wenu mmeshanunua. Iko nyumbani, taa zinawaka, na kila mwezi mnalipa. Kwa hiyo nitasema kile ninachosema kila ninaposhika kipaza sauti: kabla hujaipigia kampuni kulalamika, isogeze kwanza hiyo ruta.

Nendeni Njiro, nendeni Sakina, mitaa ya Arusha, mtakuta mambo ni yaleyale. Waya wa faiba umetoka kwenye nguzo, umepita juu ya geti, umeingia kona ya sebule inayotazama barabara. Fundi kaishia hapo kwa sababu waya wake umefika hapo na ana nyumba nyingine inamsubiri. Mwenye nyumba naye kaona ruta haipendezi, kaisukumia kwenye kabati, nyuma ya televisheni, kaifunika kitambaa cha kufuma. Vyumba vya kulala viko nyuma kabisa. Mawimbi mengi yanamwagika barabarani!

Kuna nyumba moja Moshono niliitwa. Binti anasoma chuo kwa mtandao, chumba cha nyuma, na kila kipindi picha inaganda. Baba yake alikuwa ameshapandisha kifurushi, haikusaidia. Akanunua repita, akaichomeka humohumo chumbani kwa binti. Jamani, repita hurudia kile inachopokea! Ukiiweka mahali ambapo mawimbi hayafiki, itarudia nini? Kama ni lazima uwe nayo, iweke katikati ya njia, pale ambapo simu bado inashika vizuri.

Tulimwomba fundi aongeze waya. Ruta ikatoka kabatini, ikafungwa ukutani kwenye korido, katikati ya nyumba, juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Kuna programu za bure za simu zinazopima nguvu ya mawimbi. Zinatoa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri. Chumbani kwa binti ilikuwa -82, ikawa -61. Msidharau hizo namba: zinahesabiwa kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi, na kila desibeli 3 zikiongezeka nguvu inakuwa maradufu, kwa hiyo ongezeko la 21 ni zaidi ya mara 100. Kifurushi kikarudishwa kile cha zamani, na masomo yakaendelea.

Nyumba zetu ni za tofali za saruji, zenye nguzo na mikanda ya nondo. Wimbi likipita ukuta wa sentimita 15 kwa kunyooka, linapita sentimita 15. Likiupita kwa mshazari mkali, linaweza kulazimika kupenya sentimita 30 za ukuta uleule. Ndiyo maana ruta ya kona inateseka, vyumba vingi inavifikia kwa mshazari. Ongeza friji, ongeza kioo kikubwa cha kabati, maana nyuma ya kioo kuna utando wa madini unaorudisha mawimbi. Kitambaa chenyewe hakizuii sana mawimbi, kinazuia joto lisitoke, na ruta ikichemka inasuasua.

Najua kuna mtu anasema, mimi nitanunua ile ya bei kubwa yenye antena 6. Ndugu yangu, mawasiliano ni ya pande mbili. Spika ya mnadani unaisikia ukiwa mbali, lakini ukijibu kwa mdomo wako hakuna anayekusikia. Simu yako ina antena ndogo na betri ndogo, nayo inatakiwa kumjibu huyo mwenye antena 6 kupitia kuta zilezile.

Na kampuni je? Simama mita mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi. Ikiwa ndogo hata hapo, piga simu kampuni, una haki. Ikiwa nzuri hapo na mbaya chumbani, tatizo liko ndani ya nyumba.

Naona naoneshwa saa. Haraka basi: ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Gigahezi 5 ina kasi lakini haipendi kuta, itumie chumba kilekile chenye ruta, gigahezi 2.4 inafika mbali zaidi. Kwenye 2.4, ndani ya mipangilio ya ruta, chagueni chaneli, yaani njia ya mawimbi, namba 1, 6 au 11, hizo haziingiliani. Na paswedi iliyokuja na ruta ibadilisheni leo, pamoja na ile ya kuingilia kwenye mipangilio.

Mama aliyenyoosha mkono anauliza kuhusu ghorofa. Antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi kwa ubavu, si kwenda juu wala chini. Kama ruta yako ina antena mbili za nje, mama, moja isimamishe, nyingine ilaze. Na ruta ikae karibu na ngazi, kwa sababu pale slabu ina uwazi. Usiiache pembeni ukitegemea mawimbi yapenye zege na nondo.